Hasara Hugawanywa: Mfuko wa Pamoja kutoka Mtangata hadi Tongoni

Januari 1499, meli tatu za Vasco da Gama zilitia nanga kwenye miamba ya Mtangata, kusini ya Tanga ya leo, mahali ambapo sasa kipo kijiji cha Tongoni. Zilikuwa zimetoka Uhindi. Bahari ilikuwa imewashika karibu miezi mitatu, na kiseyeye kiliua watu thelathini njiani, mbali na wengine wa idadi kama hiyo waliokwisha kufa kabla. Shajara ya safari ile inasema kuna wakati kila meli ilibakiwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kuiendesha. Kwa watu hao, meli tatu zisingefika Ureno. Basi wakahamisha shehena, wakawagawa mabaharia katika São Gabriel na Berrio, na ile ya tatu, São Rafael, wakaitia moto papo hapo.

Watu wa Mtangata walikuwa wanaijua meli ile. Aprili ya mwaka uliotangulia ilipanda mwamba mbele ya mji wao, wakatoka kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa, wakaona wageni wakisubiri maji yajae. Wageni wakaipa miamba jina la São Rafael, na milima iliyoonekana nyuma ya pwani, ambayo ni Usambara, wakaipa jina hilo hilo. Safari hii ya pili wenyeji waliwauzia kuku kwa mashati na bangili.

Ninaanza na moto ule kwa sababu uamuzi wake ni wa kale kuliko Wareno, na kila aliyeishi kwa bahari katika pwani hii amekutana nao: nguvu zetu zikiwa chache na hatari ikiwa kubwa, tuweke nini pamoja, na kitakachopotea kimwangukie nani? Katika ofisi za fedha Dar es Salaam jibu la swali hilo huitwa mfuko wa pamoja. Bima ni mfuko wa pamoja, pensheni ni mfuko wa pamoja, hata vipande vinavyouzwa na taasisi ya uwekezaji ya UTT tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005 ni hivyo hivyo. Lakini mambo yake yote makubwa, mazuri na mabaya, yalikwisha kuonekana kati ya Tanga na Pangani kabla ya kampuni yoyote ya bima kufungua mlango.

Mtangata ulikuwa mji wa biashara. Msikiti wake wa mawe bado una kuta zilizosimama, na makaburi yake ya mawe, zaidi ya arobaini, mengi yakiwa ya nguzo, ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akayakuta tayari ni magofu. Nguzo zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo, na chombo cha ng'ambo hakifiki Mtangata bila mtu kuihatarisha mali yake baharini.

Wafanyabiashara wa bahari ya Hindi walikuwa na njia mbili kuu za kuihatarisha. Ya kwanza ni ubia wa mali kwa mali: watu wawili au zaidi wanatia mtaji, faida na hasara zinafuata alichotia kila mmoja. Ya pili ni mtaji wa mmoja na jasho la mwingine, ile ambayo sheria ya Kiislamu huiita kiradhi au mudharaba. Mwenye mali anatoa, msafiri anasafiri. Faida wanagawana kwa mafungu waliyoyakubali, na mali ikipotea bila kosa la msafiri, mwenye mali amepoteza mali, msafiri amepoteza kazi yake. Tajiri mwenye akili hakutia mzigo wake wote chombo kimoja. Alitia fungu hapa na fungu kule, akawa mbia wa watu kumi katika safari kumi.

Hapa pana kosa ambalo hata watu wa benki hulifanya. Wengi husema kuchanga pamoja hupunguza hasara. Hakupunguzi. Chombo kilichozama kimezama. Tuseme pana vyombo kumi vya thamani moja, na kwa kawaida kimoja huzama kila mwaka. Mwenye chombo akisimama peke yake, mwaka huo ama anabaki na kila kitu ama anakuwa fukara. Wakichanganya mali zao, hakuna anayebaki na kila kitu na hakuna anayefukarika: kila mmoja anapoteza sehemu moja ya kumi, na anaijua mapema, na anaweza kuipangia. Jumla ya hasara ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba msiba usiotabirika wa mtu mmoja umekuwa gharama inayotabirika ya watu kumi. Biashara nzima ya bima imejengwa juu ya badiliko hilo.

Wavuvi wa pwani hii wanalijua bila kufundishwa. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa kitoweo, samaki wa kupeleka nyumbani, kila baharia apate cha kuweka chunguni hata kama siku ilikuwa mbaya. Kinachouzwa hutolewa gharama: mafuta, barafu, chambo. Kinachobaki hugawanywa kwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mashine ina fungu lake, na hayo ni ya tajiri. Mabaharia wana lao, na nahodha mara nyingi huongezewa. Kiwango hutofautiana kutoka bandari hadi bandari, na wavuvi hulalamika, kwa haki, kwamba mafungu ya vifaa yamezidi kuwa mazito tangu mashine zilipoingia. Lakini tazameni msingi wake. Hakuna mshahara. Tajiri hawezi kumwambia baharia kwamba leo bahari imekataa lakini nitakulipa, na baharia hawezi kudai pesa za samaki ambao hawakuvuliwa. Wote wamo katika siku moja, mbaya au njema. Kitoweo ndicho bima pekee iliyomo, nayo hutolewa kabla ya mgao wowote, na mimi naona waliouanzisha mpango huo walikuwa na busara kuliko waandishi wengi wa mikataba ya leo.

Nini hutokea bahari inapochafuka na shehena ikabidi itoswe ili chombo kisizame? Mali ya mmoja inatupwa, mali za wengine zinaokoka. Je, waliookoka wamlipe? Sheria ya kale ya Warodi katika bahari ya Kati ilisema ndiyo: hasara ya aliyetosewa mzigo igawanywe kwa wote. Wanazuoni wa Kiislamu walitofautiana. Wamaliki walielekea huko huko kwenye kugawana. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya pwani yetu na ambao *Minhaj* ya Nawawi ilisomwa na makadhi wao, walishikilia neno lililotamkwa. Mtu akisema, "Tupa mzigo wako nami ni mdhamini," udhamini umemfunga. Akinyamaza, haumfungi. Ni hukumu kali, lakini ina funzo ambalo watu hulisahau kila siku: mfuko wa pamoja hauanzi kwa huruma baada ya msiba, unaanza kwa ahadi kabla ya msiba. Mchango wa msibani ni wema mkubwa, ila kiasi chake hukijui mpaka kimekwisha kukusanywa.

Sheria hiyo hiyo ya Kiislamu ina mfuko mwingine wa kale, nao haumngojei mtu aahidi. Mtu akiua kwa bahati mbaya, diya hailipwi na yeye peke yake. Huwaangukia ndugu zake wa upande wa baba, na hulipwa kwa muda wa miaka mitatu. Wanazuoni wa takafuli, bima ya Kiislamu ambayo sasa inauzwa Kenya na Tanzania, huitaja desturi hii kuwa mmoja wa mizizi yao.

Karne ya 19 ilihamisha hatari kutoka baharini kwenda bara. Misafara ya Tanga na Pangani ilipanda kwenda Kilimanjaro na kupita nchi ya Wamasai kutafuta pembe. Wafanyabiashara wengi walikuwa wadogo. Mmoja alikuwa na wapagazi ishirini, mwingine hamsini. Mtu mwenye wapagazi ishirini hakuweza kuivuka nchi ile. Hongo ilidaiwa kwa kila kundi lililopita, boma la miiba lilihitaji mikono mingi kila jioni, na bunduki chache hazikumtisha mtu. Kwa hiyo walingojeana, Taveta hasa, mpaka misafara midogo ikawa msafara mmoja mkubwa. Kila mfanyabiashara alibaki na mali yake na wapagazi wake. Kilichokuwa cha pamoja ni ulinzi, hongo na njia. Mwaka 1883 Joseph Thomson alijaribu kuingia Umasaini akiwa na watu wake tu, akarudi Taveta, kwa kuwa msafara wa Mjerumani Gustav Fischer uliotoka Pangani ulikuwa umepigana mbele yake na nchi ilikuwa imechafuka. Alipoingia tena alikuwa ameambatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani. Vitabu vya Ulaya vilimsifu Thomson kuwa mvumbuzi. Aliyempitisha ni mfuko wa pamoja wa Wapangani, nao haukuwa mali ya haki tupu, kwa maana wapagazi na watumwa waliobeba pembe hawakuwa wabia wa faida hata kidogo. Katika kila mfuko kuna wanaochangia hatari ya miili yao bila kuhesabiwa, na historia ya misafara isiposema hivyo inakuwa nusu.

Mwaka mmoja uliwaonyesha watu wa Zanzibar ukomo wa jambo hili lote. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba na merikebu za Sultani, Sayyid Barghash, zikavunjikia bandarini. Fikiria wenye mashamba mia wa Unguja wangekuwa wamechanga mfuko wa kulipana mikarafuu ikifa. Mfuko ungekufa siku hiyo hiyo, maana wote wangekuwa wadai na asingebaki mlipaji. Pemba, kwa upande wake, iliokoka kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Mfuko wa kuwalinda watu wa Unguja ungepaswa kuwa na watu wa Pemba ndani yake. Mfuko hupata nguvu pale misiba ya wanachama inapokuja kwa siku mbalimbali. Wingi wa wanachama wanaopigwa na upepo mmoja hausaidii. Makampuni ya bima ya leo yanapoyauzia makampuni makubwa ya ng'ambo sehemu ya hatari zao, yanatafuta Pemba yao.

Wajerumani waliokuja Tanga na Pangani walikuja na mfuko wa aina nyingine. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya hisa: wenye fedha wa Ulaya walichanga mtaji, na Kaizari mwenyewe alitia mark 500,000. Agosti 1888 kampuni ilitaka kuitawala pwani chini ya mkataba wake na Sultani, Pangani ikawaka, na Abushiri bin Salim akaongoza vita mpaka aliponyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kampuni ilishindwa kuizima vita ile. Dola ya Ujerumani ndiyo iliyotuma majeshi, na kuanzia Januari 1891 dola ikachukua utawala wa nchi. Mwenye hisa hupoteza alichotia tu, zaidi ya hapo hadaiwi. Kanuni hiyo ndiyo inayowapa watu wasiojuana ujasiri wa kuchanga mtaji mkubwa, na naikubali. Lakini hasara iliyozidi hisa haikupotea hewani. Iliwaangukia walipa kodi wa Ujerumani kidogo, na watu wa pwani hii kwa damu yao. Kila ninaposoma kwamba mwekezaji amekingwa, nauliza kinga yake imemwelekezea nani mshale.

Kampuni hiyo hiyo, kwa mkono wa Dakta Richard Hindorf, ndiyo iliyoleta mkonge mwaka 1893. Miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai sitini na miwili, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanga yote ikageuka. Reli, bandari, manamba waliotoka mikoa ya mbali, maduka, shule, vyote viliegemea jani moja. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kabla ya karne kwisha uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Watu hubishana kama kosa lilikuwa la soko au la kutaifisha. Mimi naona kosa lililotangulia lilikuwa kubwa kuliko hayo yote mawili: mkoa mzima uliwekwa katika mfuko wenye hatari moja. Mwenye shamba, mpakiaji wa bandarini, fundi wa reli na mama aliyeuza uji kambini, wote walipigwa na kimbunga kimoja, na Pemba yao haikuwapo.

Huku juu serikali ilijenga mifuko ya taifa. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha likawa peke yake sokoni hadi soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Huku chini watu waliendelea na yao. Kikoa, ambapo wenzi hulishana kwa zamu. Mchezo, ambapo wanawake kumi hutoa kiasi kimoja kila wiki na mmoja anachukua chote, huku kijumbe akishika daftari. Mchezo ni mfuko usio na faida wala akiba inayolala. Kazi yake ni kumpa mtu fungu kubwa mapema kuliko ambavyo angelipata peke yake. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake wote, anayepokea wa mwisho amewakopesha wote. Mtu akitaka kuujua moyo wa kikundi atazame zamu ya kwanza wamempa nani. Mara nyingi hupewa mwenye mgonjwa.

VICOBA vilikuja baadaye, kwa mfano uliotoka Niger ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991. Kuna hisa, kuna mkopo, kuna mfuko wa jamii wa kusaidia ugonjwa na mazishi, na kuna kisanduku chenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Pesa huhesabiwa mbele ya wote. Mwisho wa mzunguko kisanduku huvunjwa, kila mtu anachukua hisa zake na faida yake. Ubora wa kufuli tatu ulionekana mwaka 2009, serikali ilipoifunga DECI, mpango wa "kupanda na kuvuna" uliokusanya fedha za Watanzania wengi. Huko waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Hapakuwa na shamba, chombo wala duka lililozalisha kitu. Kwa nje ulifanana na mchezo. Ila katika mchezo kila mtu anajua wako wangapi na zamu itakwisha lini, na katika DECI mlango haukufungwa, kwa kuwa ukifungwa tu fedha za kuwalipa waliomo zinakwisha.

Jaribio gumu kuliko yote kwa sasa ni la afya. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza Igunga mwaka 1996, na baadaye ule ulioboreshwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, umekuwa ukiyumba kwa sababu moja kubwa: mtu mzima wa afya huona hana haja, mgonjwa hukimbilia. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, iliuzwa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua, na nani atamlaumu mzazi? Mwaka 2023 mfuko ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, ukataka wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Wazazi waliumia, nami niko upande wao. Hata hivyo hesabu haina upande. Mfuko wa watoto wagonjwa peke yao unahitaji mchango ulio sawa na gharama ya matibabu, na hapo haupo tena mfuko, ipo bili. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeandikwa kwa neno "wote". Mtoto mzima wa Makorora anatakiwa awemo pamoja na mtoto mgonjwa wa Tongoni, na siku zikibadilika watabadilishana nafasi.

Tongoni leo ni kata ya Jiji la Tanga, na jiji hilo limejaribu jambo ambalo baba zetu wasingelikataa. Februari 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya miaka kumi, riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua mtandao wa maji. Ilipata bilioni 54.72. Benki, mifuko na watu binafsi walikopesha pamoja, na hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, anayetaka kutoka kabla ya wakati amuuzie mwingine. Wakopeshaji watalipwa kutokana na bili za maji. Maana yake mlipaji ni kila nyumba yenye bomba, naye ndiye mchangaji mkubwa ingawa jina lake halimo katika orodha ya wawekezaji. Mto Zigi ukiendelea kuipa Tanga maji na mabomba yasipovuja, mpango utajilipa. Ukame ukija, wakopeshaji wa Dar es Salaam wana hatifungani nyingine za sehemu nyingine. Mwenye bomba lake Tanga hana mto mwingine, na hilo ndilo la kuwauliza wenye mamlaka kila mwaka hadi 2034: katika bei ya maji wameweka fungu gani kwa ajili ya vyanzo vya Zigi, na limetolewa kabla ya mgao au baada yake.